Kuchagua Mji wa Matembezi ya Siku Moja Kaskazini mwa Uingereza



Ni nadra siku hizi kuipata familia ya pwani yetu isiyokuwa na mtoto, ndugu au shangazi anayeishi Manchester, Leeds, Bradford, Liverpool au Newcastle. Wako waliokwenda kusoma, wako wanaouguza wagonjwa mahospitalini, na wako waliofuata ndoa. Mzazi wa Mombasa, Malindi au Lamu anapojaaliwa kupata viza akaenda kuwaona wajukuu, hukaa wiki chache tu. Katika wiki hizo wenyeji wake huwa kazini siku tano, na watoto huwa shuleni. Hubaki Jumamosi na Jumapili. Ukizihesabu siku ambazo watu wote wa nyumba hukaa pamoja mchana kutwa, hazizidi nane au kumi. Ndizo siku ambazo mjukuu aliyezaliwa ugenini humjua nyanya yake, na nyanya akamjua mjukuu.

Kwa hivyo, suala la mji gani uendewe Jumamosi si dogo kama linavyoonekana. Mji usiofaa huwamaliza watu njiani, huwakosesha swala kwa wakati, humchosha mzee na kuwafanya watoto walie njaa mbele ya maduka wasiyoweza kula ndani yake. Mji unaofaa huunga udugu. Wahenga walisema mtembezi hula miguu yake, nasi tungependa kila familia ijue inaila miguu kwa sababu gani.

Mizani minne

Mizani ya kwanza ni swala. Kaskazini mwa Uingereza iko mbali mno na ikweta, na mchana wake hurefuka na kufupika kwa namna ambayo sisi hatuijui. Mwezi wa Disemba, mjini Manchester, adhuhuri huingia kiasi cha saa sita na dakika kumi, na jua hutua kabla ya saa kumi jioni. Adhuhuri, alasiri na magharibi zote huangukia ndani ya muda usiotimia saa nne. Familia inayotoka siku hiyo itaswali swala tatu ikiwa nje, itake isitake. Mwezi wa Juni mambo hugeuka: jua hutua baada ya saa tatu na nusu usiku, na baina ya adhuhuri na alasiri huwa na nafasi ya saa nne au zaidi. Ndiyo maana mji wa mbali ni wa majira ya joto, na mji wa karibu ni wa majira ya baridi.

Hapa pana mas'ala ya fiqhi yanayofaa kukumbukwa. Katika madhehebu yetu ya Shafi, safari ya kupunguza na kukusanya swala ni ile ya marhala mbili, ambazo wanavyuoni wa zama hizi huzikadiria kuwa kilomita 80 na kitu. Mgeni aliyenuia kukaa siku nne kamili au zaidi nyumbani kwa mwanawe huhesabiwa kuwa mkaazi, na umbali wake hupimwa kutoka mji ule. Anayetoka Manchester kwenda York kwa barabara huvuka kilomita 100, basi hukumu ya msafiri humfikia. Anayetoka Bradford kwenda York, au Manchester kwenda Liverpool, hafikii kiwango hicho, na huswali kila swala kwa ukamilifu na kwa wakati wake. Mwenye shaka na amuulize shekhe wake kabla ya kutoka.

Kibla nacho huwatatiza wageni. Sisi wa Mombasa tumezoea kuelekea kaskazini, karibu moja kwa moja, kwa kuwa Makka iko juu yetu. Kaskazini mwa Uingereza kibla ni kusini-mashariki. Ni vyema kumfundisha mtoto jambo hili bustanini, kwa jua na kivuli, kabla ya kumkabidhi simu imuoneshe.

Mizani ya pili ni miguu. Miji mingi ya kule imejengwa vilimani, na njia zake za kale ni za mawe. Muulize mzee kuhusu magoti yake kabla ya kuuliza bei ya tiketi. Mwenye mtoto wa kusukumwa kwenye kigari naye yuko katika hukumu hiyo hiyo.

Mizani ya tatu ni chakula. Katika miji mikubwa kama Bradford, Manchester na Birmingham, nyama ya halali hupatikana bila ya shida. Katika miji midogo ya pwani na ya milimani huenda usiione kabisa. Wengi hudhani samaki na vibanzi ni salama popote. Sivyo. Katika jimbo la Yorkshire maduka mengi hukaanga samaki na viazi kwa shahamu ya ng'ombe asiyechinjwa kisharia, na mengine huvuruga unga wa kuviringia samaki kwa bia. Uliza maswali mawili kabla ya kuagiza: mafuta ni ya mimea au ya mnyama, na unga una pombe au hauna. Wauzaji wamezoea kuulizwa na hawakasiriki. Hata hivyo, kapu lenye sambusa, katlesi, viazi vya karai, mahamri na chupa ya chai ya tangawizi halijapata kumwaibisha mtu. Linapunguza gharama, na mara nyingi ndilo litakalokumbukwa na watoto.

Mizani ya nne ni nauli. Mtoto wa chini ya miaka 5 husafiri bure kwenye treni za Uingereza. Iko kadi ya treni ya familia na marafiki, ambayo hupunguza thuluthi ya nauli ya wakubwa na asilimia 60 ya nauli ya watoto wa miaka 5 hadi 15. Familia yenye watoto watatu inayotoka mara mbili au tatu kwa mwaka hurudisha bei ya kadi hiyo upesi. Tiketi iliyonunuliwa siku kadhaa mapema huwa nafuu kuliko ya asubuhi ile ile kituoni.

Sasa tuitazame miji yenyewe.

York: mji wa kuta

Kama nafasi ni ya mji mmoja tu, na wenyeji wanaishi Leeds, Bradford au Manchester, twapendekeza York. Kutoka Leeds ni chini ya nusu saa kwa treni. Katikati ya mji ni tambarare, na njia zake nyembamba hufungiwa magari sehemu kubwa ya mchana. Mtu wa Mji wa Kale au wa Lamu ataitambua mara moja ladha ya vichochoro ambavyo nyumba zake za juu zinakaribia kugusana, hasa katika njia iitwayo Shambles, iliyokuwa zamani njia ya wachinjaji na wauza nyama.

Kuta za mji zina urefu wa zaidi ya kilomita 3, na kutembea juu yake ni bure. Ila zina ngazi, na mahali pengine hazina ukingo upande wa ndani. Si pahala pa kigari cha mtoto wala pa mtoto wa kukimbiakimbia. Wapande vijana na baba yao, na nyanya angojee bustanini kando ya mto.

Jumba la Makumbusho la Reli la Taifa, jirani na kituo cha treni, halina kiingilio. Ndani yake imo Mallard, injini ya mvuke iliyoweka rekodi ya dunia mwaka 1938 kwa mwendo wa kilomita 203 kwa saa, na pia treni ya mwendo kasi kutoka Japani. Babu aliyefanya kazi reli ana mengi ya kuwasimulia wajukuu hapa. Zile injini kubwa za Garratt zilizokuwa zikivuta treni kutoka Mombasa kupanda bara ziliundwa Manchester, katika kiwanda cha Beyer Peacock mtaa wa Gorton, na moja yao imehifadhiwa hadi leo katika makumbusho ya reli ya Nairobi. Mtoto aliyezaliwa Manchester akisikia kwamba chuma cha mji wake kilipanda hadi nchi ya babu yake, dunia zake mbili hukutana.

Liko jambo jingine la York ambalo wazazi wengi hawalijui. Mji huu uliasisiwa na Warumi mwaka 71 baada ya Nabii Isa, na mfalme mkuu wa Kirumi, Septimius Severus, alifia hapa mwaka 211. Mfalme huyo alizaliwa Afrika, mji wa Leptis Magna, katika nchi iitwayo leo Libya. Mwaka 1901 lilifukuliwa York kaburi la mwanamke wa karne ya 4, aliyezikwa na bangili za pembe za ndovu na bangili za jiwe jeusi la Whitby. Uchunguzi wa wataalamu uliotolewa mwaka 2010 ulionyesha kuwa yaelekea asili yake ilikuwa Afrika ya Kaskazini, na kuwa alikuwa mtu wa hadhi. Vitu vyake viko katika Jumba la Makumbusho la Yorkshire, mjini humo. Binti anayeulizwa shuleni kila mara ametoka wapi, msimamisheni mbele ya bangili zile.

Msikiti upo York, lakini uko nje kidogo ya katikati ya mji, pangeni mapema.

Saltaire: mji wa magoti mabovu

Kwa mzee asiyeweza kutembea sana, na kwa siku fupi ya baridi, Saltaire haina mpinzani. Ni mwendo wa dakika chache kwa treni kutoka Bradford, na kituo kiko mlangoni pa kiwanda chenyewe. Tajiri wa sufi Titus Salt alikifungua kiwanda hicho mwaka 1853, kisha akawajengea wafanyakazi wake nyumba, shule, hospitali na bustani pembeni mwake, akazipa njia majina ya mkewe na wanawe. Kilabu cha pombe hakukiruhusu kijijini. Mwaka 2001 UNESCO ilikiingiza kijiji hicho katika orodha ya Urithi wa Dunia, kama ulivyoingizwa Mji Mkongwe wa Lamu katika mwaka ule ule.

Kuingia kiwandani ni bure. Leo mna maduka ya vitabu na picha za mchoraji David Hockney. Bustani ng'ambo ya mto ni tambarare. Jioni familia hurudi Bradford, ambako misikiti na mikahawa ya halali imejaa. Siku nzima mzee hajapanda kilima.

Liverpool: bandari na msikiti

Mombasa na Liverpool ni miji ya bandari, na watu wa bandari huelewana. Waliozoea kivuko cha Likoni watafurahi kupanda feri ya mto Mersey, ingawa hapa hata mwenda kwa miguu hulipa. Gati la Royal Albert, lililofunguliwa mwaka 1846, ni tambarare na lina nafasi. Jumba la Makumbusho la Liverpool, hatua chache kutoka hapo, halina kiingilio, na ni kimbilio jema mvua inaponyesha. Wazazi wasiwafiche watoto kwamba utajiri wa mji huu kwa sehemu kubwa ulitokana na biashara ya kuwauza Waafrika, hadi Uingereza ilipoipiga marufuku mwaka 1807. Makumbusho ya utumwa ya hapa hufungwa kwa muda inapokarabatiwa, basi ulizeni kabla ya kwenda.

Lakini ziara ya Muislamu mjini Liverpool haitimii bila ya Brougham Terrace. Wakili William Henry Quilliam, mzaliwa wa mji huo, alisilimu mwaka 1887 baada ya kutembelea Morocco, akajiita Abdullah. Mwaka 1889 yeye na wenziwe walifungua msikiti na taasisi yao katika nyumba hiyo. Walianzisha pia nyumba ya kulelea watoto walioachwa. Sultani Abdulhamid wa Pili alimtambua kuwa Sheikh al-Islam wa visiwa vya Uingereza.

Akina mama wasikose kulitaja jina la Fatima Cates. Alikuwa msichana wa Birkenhead, ng'ambo ya mto, na ni miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kusilimu mkononi mwa Quilliam. Alipata maudhi ya jamaa na ya watu wa mitaani, akasimama imara, na ndiye aliyekuwa mweka hazina wa kwanza wa jumuiya ile. Alifariki mwaka 1900, akazikwa Liverpool. Jengo la Brougham Terrace lilikaa ukiwa miaka mingi baada ya Quilliam kuondoka mwaka 1908, kisha likakarabatiwa, na swala zikarejea mwaka 2014. Kuswali adhuhuri hapo pamoja na watoto ni somo lisilohitaji kitabu.

South Shields: jirani za Aden

Kwa walio Newcastle, treni ya mjini huwafikisha South Shields kwa kiasi cha nusu saa. Pana ufukwe mpana wa mchanga, bustani na bahari. Tangu miaka ya mwisho ya karne ya 19, mabaharia wa Kiyemeni kutoka Aden walikuwa wakishukia hapa, wakichochea makaa katika meli za Kiingereza. Wengi waliweka makazi, wakaoa wenyeji, wakalea watoto katika dini. Ni jamaa za wale wale waliokuja kwetu kwa majahazi, na mtu wa Mombasa aliyekua na majirani wa Kishihiri hatahisi ugeni. Mwaka 1977 bondia Muhammad Ali alifika mjini hapa na mkewe, na ndoa yao ikaombewa baraka katika msikiti wa Al-Azhar.

Juu ya kilima kidogo kuna ngome ya Kirumi iitwayo Arbeia. Walinzi wake wa mwisho walikuwa wanamaji wa mto Tigris, wa nchi ya Iraq, na wako wataalamu wanaolihusisha jina la ngome hiyo na Waarabu. Karibu nayo lilipatikana jiwe la kaburi ambalo mtu wa Palmyra, Syria, aitwaye Barates, alimwekea mkewe Regina. Mke alikuwa mtumwa akamwacha huru, kisha akamwoa. Maandishi ni ya Kilatini, na chini yake mume ameongeza mstari wa majonzi kwa lugha ya kwao. Huzuni ya mtu ugenini, akilia kwa lugha ya mamake. Ngome hii hufungwa miezi ya baridi, basi ichaguliwe wakati wa joto.

Pwani nyinginezo, na tahadhari zake

Whitby ni mzuri mno machoni: bandari ya wavuvi, maduka ya jiwe jeusi, na magofu ya nyumba ya watawa iliyoasisiwa mwaka 657 na kuongozwa na mwanamke, Hild. Lakini kuyafikia kwa miguu kutoka mjini ni kupanda ngazi 199, na treni za kwenda huko ni chache na za mwendo wa pole. Ni mji wa vijana wenye gari, siku ya Juni. Scarborough una mchanga zaidi na hufikika kwa treni moja kwa moja kutoka York.

Blackpool watoto wataulilia, kwa ajili ya mnara wake wa mwaka 1894 wenye urefu wa mita 158. Mji huo una mashine nyingi za kamari, na mwisho wa wiki hujaa walevi. Anayelazimika kwenda na aende asubuhi ya siku ya kazi wakati wa likizo, au ateremke kidogo kusini hadi Lytham St Annes, penye mchanga na utulivu.

Sisi watu wa bahari hatupaswi kuidharau bahari ya wenzetu. Katika ghuba ya Morecambe maji hupwa mpaka upeo wa macho, kisha hujaa kwa kasi na kuzunguka nyuma ya mtu kabla hajatambua. Februari 2004 wachuma kombe Wachina wasiopungua 21 walikufa maji hapo. Kujua bamvua ya Mombasa hakutoshi. Msivuke mchanga ule.

Kwa wanaotaka maji yasiyo na chumvi, liko ziwa la Windermere, refu kuliko yote Uingereza, kiasi cha kilomita 17, lenye mashua za kutembeza wageni. Mzee huketi, milima ikampita mbele yake. Koti la mvua ni lazima hata mwezi wa Julai.

Ya kufungasha

Chukueni mswala mwepesi, na chupa tupu ya maji, kwa kuwa vyoo vya kule vina karatasi tu. Atakayevaa khuffu akiwa na udhu ataepushwa na kuosha miguu kwa maji ya barafu. Mkaazi hupangusa mchana na usiku mmoja, na msafiri siku tatu. Akina mama wabane mitandio vyema, maana upepo wa pwani ya kaskazini hauna adabu. Mabustanini mbwa huachwa huru. Chagueni sehemu ya watoto iliyozungushiwa ua, au ufukwe ambao mbwa wamekatazwa majira ya joto, ili kuepuka najisi nzito ya mate yake.

La mwisho ni kuchagua mji mmoja kwa siku, si miwili. Hakikisheni kila mtu ana sehemu yake: mtoto treni, kijana ukuta, mama duka la vitambaa, mzee benchi lenye jua. Na njiani, simu ziwekwe mkobani, nyanya awafundishe wajukuu majina ya vitu wanavyoviona dirishani kwa Kiswahili: mto, daraja, kondoo, ukungu. Akirudi Mombasa, maneno hayo ndiyo atakayowaachia.

Mwenyezi Mungu azijaalie safari zetu ziwe za kheri, atulindie wana wetu walio ugenini katika dini yao, na atuunganishie udugu ambao masafa yanataka kuukata. Amin.